Kusikiliza kwa Nyayo

Bwawa langu nyuma ya nyumba, huku Kibos, lilikuwa limebaki la kufika magotini. Lilichimbwa enzi za mpango wa serikali ya Kenya wa ufugaji samaki wa 2009, mabwawa 200 kila eneo bunge lililochaguliwa, kila moja mita 300 za mraba, na upande wa kutolea maji lilinifika kifuani. Kisha masika baada ya masika yakaporomosha kingo, majani ya mwembe yakaoza, na chakula walichokisaza ngege kikazama pamoja na kinyesi chao. Alfajiri samaki wakawa wanatweta juu ya maji, maana tope linalooza hula oksijeni usiku kucha. Mto Nyando unaitendea Ghuba ya Winam, ya Ziwa Victoria, vivyo hivyo, na kule hakuna wa kufungua mfereji.

Maji yakatolewa, jua likapasua uso wa tope vigaevigae. Mzee niliyemwita kuja kulizoa akavua viatu, akalitembea bwawa zima bila kugusa jembe. Tope ni jeusi, teketeke, linanuka yai viza. Chini yake upo udongo wa mfinyanzi, na ndio unaoshika maji. Ustadi wote uko hapo: kujua tope linaishia wapi. Ukiutoboa udongo huo, umejichimbia chujio.

Tulipoanza kuchimba, alichota udongo, akaufinyanga tonge, akalirusha juu na kulidaka. Halikuvunjika.

"Mwalimu, hapa tumefika."

Mimi, mwenye tamaa ya kina, nilikuwa bado nashuka kule konani. Jembe likakwaruza. Mchanga.

Hakunigombeza, ingawa nilistahili. Alileta udongo wa kichuguu, akaulowesha, akaukanyaga kwa visigino kama mfinyanzi wa vyungu, tabaka juu ya tabaka, nyembamba kama kiganja. Pale pembeni pakamlia siku nzima.

Tope tulilibeba kwa karai hadi kwenye migomba. Wapo wanaolimwaga barabarani, na wiki hiyohiyo utawakuta dukani wakinunua mbolea.

Mvua ilipolijaza bwawa, nilichomeka mwanzi pale konani, wenye alama ya kina cha maji. Mzee akipita kwenda sokoni hunisalimu kwanza, kisha huuchomoa. Alama haitazami. Hunusa ncha, akaurudisha, akaenda zake.