Mjanja Anapotoa Maelezo

Mvunaji mmoja wa Almorox, kule Hispania, amempa kipofu ombaomba kichala cha zabibu zilizoiva kupita kiasi. Kuzitia mkobani haiwezekani, zitapondeka na kulowanisha kila kilichomo. Kipofu anaamua ziliwe papo hapo, yeye na Lazaro, kijana anayemwongoza njia. Wanapeana sharti: kila mtu punje moja kwa zamu yake, na asiwepo wa kumpunja mwenzake. Wanaanza vizuri. Mara kipofu anageuza, anachuma mbili mbili. Lazaro anaona, ananyamaza, naye anachuma mbili, kisha tatu tatu. Kikonyo kinapobaki kitupu, kipofu anakitikisa kidogo na kumwambia kijana kuwa amemdhulumu, alikuwa akila tatu tatu. Lazaro anaruka maili mia. Lakini mzee amejuaje, na macho hana? Amejua kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akila mbili mbili, na Lazaro hakulalamika.

Kisa hiki kimo katika kitabu chembamba kilichochapwa Hispania mwaka 1554 bila jina la mwandishi, *Lazarillo de Tormes*. Humo ndimo ilimochipuka riwaya ya mjanja wa barabarani: mtoto wa watu hohehahe anayehama kutoka bwana huyu kwenda bwana yule, akishibia akili yake. Waingereza walikipata kwa lugha yao mwaka 1586, kwa tafsiri ya David Rowland, na mbegu ikaota kwao.

Kisa cha zabibu hakihitaji maelezo marefu huku kwetu Maswa, Usukumani. Kisimulie wakati wa msimu, watu wakiwa kwenye foleni na mizigo yao ya pamba mbegu mbele ya mizani, uone watakavyochekea puani. Kila mtu pale anajua kuwa kuna makarani wanaochezea mizani, na kuna wakulima wanaomwagia pamba maji au kuichanganya na mchanga ili ivute kilo, na kwamba upande mmoja ukiwa kimya mno, mwingine una haki ya kushtuka. Jambo lenyewe ni la zamani. Miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wao, walichoka kupunjwa kwenye vituo vya ununuzi, wakaweka wapimaji wao wenyewe, na vyama vyao vikaungana mwaka 1955 kuwa shirikisho la ushirika la Victoria. Ushirika mkubwa kiasi kile, na chanzo chake kimojawapo ni jiwe la mizani.

Lakini ufundi ninaotaka kuutazama leo haumo kwenye hila. Hila anazo kila mtu. Abunuwasi anazo, Sungura anazo za kugawa. Ufundi umo katika swali moja ambalo msomaji mwenye haraka hulipita: huyu mjanja anamsimulia nani, na kwa nini ameamua kusema?

Lazaro anaandika barua. Kuna mheshimiwa fulani, hatutajiwi jina, ambaye ametaka aelezwe jambo kinagaubaga. Jambo lenyewe tunalijua mwishoni kabisa: Lazaro sasa ni mpiga mbiu wa mji wa Toledo, ameoa mtumishi wa kasisi mkubwa, na mji mzima unanong'ona kuwa mke yule haendi kwa kasisi kutandika kitanda tu. Swali lilikuwa fupi, na jibu lingeweza kuwa fupi. Lazaro anaanza na kuzaliwa kwake kwenye kinu cha kusagia nafaka juu ya mto Tormes. Anamleta baba aliyekuwa akichota unga kwenye magunia ya wateja, kisha mama mjane, kisha kipofu, kisha padri mchoyo aliyefungia mikate sandukuni. Analeta njaa ya mwaka hata mwaka, mpaka tunapofika kwenye swali la mke tumeshachoka kwa niaba yake na hatuna tena nguvu ya kumhukumu. Mtu aliyekula hivi, tunajisemea, mwacheni na nyumba yake.

Wasukuma wanaijua sanaa hii kwa jina la mahali pake: dagashida. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi Usukumani na Unyamwezini, vijiji viliunda vikundi vya ulinzi vya sungusungu, na watuhumiwa wakawa wanasimama mbele ya mkutano huo kujieleza. Mtu anaulizwa ng'ombe wawili wako wapi, naye anaanza na siku baba yake alipofariki. Wazee hawamkatizi. Wanajua kwamba ng'ombe watafika tu, na kwamba katika mzunguko ule mrefu kuna mahali atakapojikwaa, au kuna mahali atakapowashika roho. Mwandishi wa *Lazarillo* alifanya hivyo hivyo, ila alitupa sisi kiti cha wazee.

Ndiyo maana Sungura, pamoja na akili zake zote, hawezi kuwa shujaa wa riwaya ya aina hii. Anasimuliwa na wengine. Hajawahi kuulizwa kitu akajibu kwa kinywa chake mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Halafu Sungura hana kovu. Leo kafukuzwa kisimani, kesho yuko kisimani tena, mzima kama jana. Lazaro alitoboa tundu dogo chini ya mtungi wa divai wa kipofu na kuliziba kwa nta. Jioni akikaa karibu na moto mdogo, katikati ya miguu ya mzee, nta iliyeyuka na divai ikamdondokea mdomoni. Siku ya siku kipofu aligundua, akanyamaza, akamwacha alale chali kinywa wazi kama kawaida, kisha akauporomosha mtungi kwa mikono miwili usoni pake. Lazaro anasema meno yaliyovunjika siku ile hayakurudi. Yaani anayetuandikia barua ni mtu mzima mwenye mapengo. Kila kisa kinaongeza deni kwenye mwili uleule, na hapo ndipo visa vinapoacha kuwa ngano zilizofuatana.

Waingereza walichukua muda kulijua hilo. Thomas Nashe alijaribu mwaka 1594 kwa kijana wake Jack Wilton, mtumishi wa jeshini anayezurura Ulaya. Lugha inameta, lakini kijana mwenyewe ni kelele tupu. Richard Head akaja mwaka 1665 na jambazi wake wa Kiingereza, rundo la visa vya matusi na wizi. Nalisema kwa heshima: kitabu kinachosha. Mjanja asiyeogopa kuhukumiwa hana sababu ya kupanga maneno yake.

Aliyeelewa ni Daniel Defoe, na alielewa kwa mgongo wake. Alifilisika mwaka 1692. Mwaka 1703 alifungwa katika gereza la Newgate na kuwekwa hadharani kwenye mbao za aibu kwa sababu ya kijitabu alichokuwa amekiandika. Alijua jinsi mtu anavyojieleza mbele ya wenye uwezo wa kumfunga. Mwaka 1722, akiwa na umri wa takriban miaka 60, alitoa *Moll Flanders* bila kuweka jina lake, kana kwamba mwanamke huyo ameandika mwenyewe. Jalada pekee linatangaza mzigo wote: amezaliwa Newgate, ameolewa mara tano, mara moja na kaka yake mwenyewe, amekuwa mwizi miaka 12, amehamishiwa Virginia kama mfungwa miaka 8, mwisho akatajirika na kufa ametubu. Mwandishi anayetoa siri zote mlangoni namna hiyo ana kitu kingine cha kuuza ndani.

Ukurasa ninaourudia ni ule wa mkufu. Moll amekwishaanza wizi. Jioni moja anakutana na mtoto wa kike aliyevalishwa vizuri, anarudi peke yake kutoka shule ya kucheza dansi. Anamsemesha, anamshika mkono, anamwingiza kwenye kichochoro. Mtoto anasema hii siyo njia ya kwao. Moll anamjibu kuwa ndiyo yenyewe, atamwonyesha. Anainama kujifanya anamfunga kiatu vizuri, na anamvua mkufu wa shanga za dhahabu bila mtoto kuhisi. Hapo, anasema, shetani akamtia wazo la kumuua mtoto pale pale gizani asije akapiga kelele. Wazo hilo linamtisha hadi anakaribia kuanguka. Anamgeuza mtoto, anamwonyesha njia ya nyumbani, anatokomea vichochoroni.

Mpaka hapa mwandishi wa kawaida angeweza kufika. Sasa msikilize Moll akiwa salama. Anahesabu thamani ya mkufu: pauni 12 au 14 hivi. Kisha anasema kwamba, kwa kuwa hakumdhuru mtoto, yeye amewapa wazazi funzo wanalolistahili, wasimwache tena mwanakondoo wa watu kutembea peke yake. Anaendelea: lazima mama yake alikuwa na majivuno, alitaka binti aonekane kapendeza dansini, au labda yaya aliyetumwa kumlinda alikutana na bwana wake njiani. Mstari baada ya mstari, mkufu ungali mfukoni mwake, na washitakiwa wamekuwa mama na yaya.

Defoe hatii neno, na angetia neno angeharibu kila kitu. Ametuachia mwanya mwembamba kati ya anachokisema Moll na tunachokiona sisi, na katika mwanya huo anapitisha London nzima: watoto wa matajiri wamevalishwa dhahabu, wanawake wa makamo hawana kazi wala mume, na sheria inanyonga kwa kitambaa kilichoibwa dukani. Toba ya Moll mwishoni inaweza kuwa ya kweli. Lakini anapofika kwenye mali aliyoipata ng'ambo, farasi, nguruwe, nguo, zana za shamba, anaiorodhesha kwa mapenzi ambayo dhambi zake hazikuyapata.

Sisi tunacho kitabu cha jamaa hii, ingawa hakiwekwi kwenye rafu moja na hivyo. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, uzeeni, Unguja, akiwa ameombwa na Mjerumani Heinrich Brode, aliyeyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Angalia mkao huo: mzee aliyepita njia zote za bara, Unyanyembe mpaka Manyema, anamwandikia mtu wa dola lililokwishaitwaa pwani na bara. Naye anaulizwa, naye anajibu kuanzia mbali.

Kisa chake cha Utetera, mashariki ya Kongo ya leo, Defoe angekigombania. Tippu Tip anapata habari za mtawala mzee, Kasongo Rushie, ambaye zamani dada zake walitekwa wakapelekwa mbali wasirudi tena. Basi msafiri anafika na ukoo tayari mkononi: bibi yake mzaa mama alitoka huku huku, ndiye mmoja wa dada hao waliopotea. Mzee anampokea mjukuu, anamkabidhi nchi, na pembe za ndovu zinaanza kuletwa kwa mtawala mpya. Wanahistoria wameiona hila hiyo waziwazi. Msimulizi mwenyewe anaipitisha kwa sauti ile ile anayohesabia frasila za pembe, bila kupandisha wala kushusha.

Na hapa ulinganisho unaingia uchungu. Lazaro na Moll ni wanyonge wanaowapunja wenye nguvu, walau mara nyingi. Tunawacheka kwa raha. Tippu Tip alikuwa na bunduki, na misafara yake iliondoka na watu waliofungwa. Pembe zinapimwa kurasa nyingi, mateka wanatajwa kwa kupita. Kimya chake kwa hiyo ni kizito kuliko cha Lazaro kwenye zabibu, na msomaji anahitaji sikio la yule kipofu: asikilize mahali ambapo msimulizi angepaswa kulalamika akanyamaza. Hata hivyo kiufundi kitabu chake ni nathari iliyokatwa vizuri, fupi, yenye mwendo wa mtu aliyezoea kutembea, na nashangaa wanafunzi wetu wengi wanamaliza shule bila kuiona.

Baada ya Defoe, Waingereza waliendelea kuipenda barabara lakini wakampokonya mjanja kalamu. Mwandishi Smollett bado alimwacha Roderick Random ajisimulie mwaka 1748. Mwaka uliofuata Henry Fielding, aliyekuwa hakimu, alimsimulia Tom Jones yeye mwenyewe, kwa kicheko cha bwana anayejua kesi itaishaje. Vitabu vidogo 18 ndani ya kimoja: sita shambani, sita njiani, sita London. Ni jengo zuri ajabu. Ila Tom hana anayemwogopa, kwa sababu hakimu tayari ni rafiki yake.

Kezilahabi, jirani yetu wa Ukerewe, alimpitisha Tumaini wa *Dunia Uwanja wa Fujo* (1975) katika njia inayofanana na hiyo: fedha, starehe, ukulima mkubwa, kisha kugongana na serikali wakati wa ujamaa. Naye hakumpa nafasi ya kujieleza. Tumaini anaua kiongozi na kuhukumiwa kifo, na habari zake tunazipata kwa mwingine. Uamuzi huo unafaa kitabu chake, kwa kuwa Kezilahabi alitaka tuone mtu akipondwa. Mjanja kama Lazaro anaandika kwa sababu amebaki hai na ana cha kupoteza: mke, kazi ya kupiga mbiu, chakula cha uhakika. Riwaya ya Kiswahili yenye msimulizi wa aina hiyo, mnunuzi wa ng'ombe wa minadani, tuseme, aliyeitwa aeleze jambo moja tu na akaanza na kuzaliwa kwake, ningeinunua kabla haijafika dukani.