Nani Ajaze Safu ya Tabia?

Mwaka 2004 Marekani ilianza kupima kwa pamoja programu saba za malezi ya tabia katika shule 84 za msingi. Watoto walifuatiliwa tangu darasa la tatu hadi la tano, mwaka 2007. Ripoti ya 2010 iliwavunja wengi moyo: kwa wastani, katika vipimo 20, shule zilizopewa programu hazikuzipita zile ambazo hazikupewa.

Kura ya kuamua nani apewe programu ilipigwa kwa shule nzima, si kwa mtoto mmoja mmoja. Hapo walipatia. Tabia huambukiza, ukimfundisha mmoja kungoja zamu na wa dawati lake usimfundishe, muda si mrefu hutajua nani kafundishwa. Kura pia humnyima mwalimu mkuu mwenye ari nafasi ya kujitokeza mwenyewe, kisha ari yake ikahesabiwa kuwa matunda ya programu.

Mtego ulikuwa kwenye shule za kulinganishia. Walimu wake nao walikuwa wakifundisha maadili, kila mmoja kwa njia yake. Kwa hiyo kilichopimwa ni kama programu hizo zinaushinda utaratibu uliokuwapo. Waliotangaza kwamba tabia haifundishiki walijibu swali ambalo halikuulizwa.

Halafu kuna fomu za kupimia tabia. Walizijaza watoto, wazazi na walimu. Mwalimu aliyefundisha somo la heshima mwaka mzima anaulizwa kama watoto wake wana heshima! Hata akiwa mkweli, jicho lake limeshaegemea upande.

Miaka ya 1920, watafiti Hartshorne na May walikwepa fomu za namna hiyo. Waliwapa watoto mtihani, wakanakili majibu kwa siri, kisha wakawarudishia karatasi pamoja na majibu sahihi ili wajisahihishe. Aliyebadilisha jibu alionekana. Hila hiyo hainifurahishi, na leo ingepingwa, lakini ilipima tendo. Tena ilionyesha kwamba anayedanganya kwenye mtihani si lazima adanganye kwenye mchezo.

Ripoti zetu za mwisho wa muhula zina safu ya tabia, na neno linalojazwa humo mara nyingi ni “nzuri”. Mwalimu mkuu unayetaka kuanzisha programu ya maadili, anza kwa kuhesabu muhula mmoja kabla yake: ugomvi wa mapumziko, wachelewaji, vitu vilivyookotwa vikarudishwa. Na daftari la hesabu hizo mpe asiyefundisha somo la maadili.