Sumukuvu Ilivyonaswa Ndani ya Seli za Ini

Mahindi ya bonde la Ruzizi yakiwekwa ghalani kabla hayajakauka, huota kuvu. Karanga nazo ni hivyohivyo. Kuvu hao hutoa sumukuvu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliikuta katika vyakula vya masoko ya Burundi na mashariki mwa Kongo. Inaleta saratani ya ini. Lakini ushahidi wa hilo ulipatikanaje?

Mwaka 1991 uvimbe wa saratani ya ini wa wagonjwa 16 wa Qidong, China, ulichunguzwa. Wanane walikuwa na kasoro mahali palepale kwenye jeni ya p53, inayozuia seli kugawanyika ovyo: katika kodoni ya 249, yaani kundi la 249 la herufi tatu za DNA. Kwa saba kati yao, herufi G imegeuka T. Ila Qidong, mbali na sumukuvu, ilikuwa pia na virusi vya homa ya ini B kwa wingi, navyo huleta saratani hiyohiyo. Mkosaji ni sumu au virusi?

Mwaka 1993 Aguilar, Hussain na Cerutti waliijaribu sumu yenyewe juu ya HepG2, seli za ini la binadamu zinazokuzwa maabara. Sumukuvu haina makali mpaka vimeng'enya vya ini viibadilishe, na HepG2 ni dhaifu kwa kazi hiyo. Basi wakatumia vimeng'enya vya ini la panya. Kisha ikaja hatua ninayoistahi kuliko zote. Kimeng'enya HaeIII hukata DNA kila penye GGCC. Kodoni ya 249 na ya 250 husomeka AGG CCC, kwa hiyo jeni isiyo na kasoro hukatwa. AGG ikigeuka AGT, mkato hauwezekani. Wakakata, wakanakili kilichosalia, na kasoro chache zikajitokeza katikati ya jeni nyingi mno zisizo na kasoro.

G kuwa T kwenye 249 ndiyo iliyoongoza. Kodoni jirani nazo ziliguswa, kwa kiasi kidogo. Kwangu hilo lina uzito: sumu hupiga pengi, na huenda mwilini seli zenye kasoro ya 249 ndizo zinazozishinda seli nyingine kwa kukua. Sahani ya maabara haionyeshi ushindani huo. Tena HepG2 zilitoka kwenye uvimbe, hivyo haziwezi kutueleza safari nzima ya ini zima hadi saratani. Swali la mkosaji, hata hivyo, zililijibu vizuri.

Ndugu wa Uvira, Kiliba na Luvungi, anikeni mahindi juu ya turubai, si ardhini, na karanga zilizoota kuvu zitupwe. Watoto wapate chanjo ya homa ya ini B. Moto wa kupikia bugali hauiondoi sumu hii.