Jicho, Mkono na Mguu: Uchambuzi wa Mfano wa Paulo juu ya Karama

Msomaji mpenzi, mifano ya umoja ni mingi, na ule wa mwili hutumiwa mno. Husikika kanisani, husikika barazani, husikika hata katika mkutano wa wanafunzi: sisi sote ni mwili mmoja, basi kila kiungo na kifanye kazi yake. Lakini mfano ulio mwepesi kutumika ni mwepesi kuharibika. Katika insha hii nataka tuupime mfano huo kama ulivyoandikwa na Paulo katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, mlango wa 12. Si lazima uwe Mkristo ili ufuatane nami. Yatosha kuwa umepata kuishi na watu wenye vipawa visivyofanana na vyako.

Kwanza tuutazame mji wenyewe. Korintho ya kale ilibomolewa na Warumi mwaka wa 146 kabla ya Kristo, ikaanzishwa tena kwa amri ya Julius Caesar mwaka wa 44 kabla ya Kristo, na wengi wa wakazi wake wapya walikuwa watumwa walioachwa huru. Ilikuwa na bandari mbili, moja ikielekea Italia na ya pili ikielekea Asia. Kwa hiyo watu wa kila namna walikutana humo, na mwenye kutaka cheo alikuwa na nafasi ya kukitafuta. Paulo alikaa huko mwaka mmoja na nusu. Baadaye, karibu na mwaka wa 55, akiwa Efeso, alipata habari kwamba kanisa aliloliacha limegawanyika. Wenye mali walikula wakashiba katika karamu ya Bwana huku maskini wakikaa na njaa. Tena yaelekea kwamba walionena kwa lugha zisizojulikana walijiona wamewapita wenzao kwa utakatifu. Paulo hakuwa akiandika utenzi wa kusifu umoja. Alikuwa akiamua ugomvi.

Neno lenyewe lastahili kuangaliwa. Biblia ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka wa 1952 husema karama, na neno hili ni ndugu wa ukarimu na wa kitenzi kukirimu. Yote yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Katika Kiyunani pia neno alilotumia Paulo latokana na neno la neema. Mgeni aliyekirimiwa hawezi kujivunia chakula alichoandaliwa, wala hawezi kumcheka mgeni mwenzake kwa kuwa sahani zao hazikufanana. Msomaji wa Kiswahili, akilishika neno hili vema, ameishika nusu ya hoja kabla hajaufikia mfano wa mwili.

Mfano wa mwili haukubuniwa na Paulo. Mwanahistoria wa Kirumi, Livy, aeleza kwamba mwaka wa 494 kabla ya Kristo watu wa tabaka la chini, wakiwa wamechoshwa na madeni na vita, waliuhama mji wa Roma wakapiga kambi mlimani. Wakuu walimtuma Menenius Agrippa akawasemeze. Naye akawahadithia jinsi viungo vilivyoliasi tumbo: mikono ilikataa kupeleka chakula kinywani na meno yakakataa kutafuna, kwa kuwa tumbo lilionekana halina kazi ila kula. Tumbo likashinda na njaa, na viungo vyote vikadhoofika pamoja nalo. Waliosikia walilielewa fumbo, wakapatana na wakuu. Walakini hawakuridhika na hadithi tupu, bali walipewa pia maofisa wa kuwatetea.

Angalia, msomaji, hadithi hii yamtetea nani. Yalitetea tumbo. Yawaambia wafanyao kazi ngumu warudi kazini, kwa kuwa wanaokula kwa niaba yao wana faida isiyoonekana. Sasa fungua waraka wa Paulo uone alivyoigeuza silaha hiyo. Kwanza husema na mguu na sikio, viungo vinavyojidharau na kudhani kwamba havimo mwilini kwa kuwa si mkono wala jicho. Huvituliza kwa maneno machache. Kisha huligeukia jicho na kichwa, viungo vilivyo juu, vinavyothubutu kuwaambia wenzao kwamba havina haja nao. Hapo sauti yake huwa kali. Hufundisha kwamba viungo vinavyodhaniwa kuwa dhaifu ndivyo visivyoweza kukosekana, na kwamba vile tunavyoviona havina heshima ndivyo tunavyovisitiri kwa uangalifu zaidi. Menenius aliwataka walio chini wawe na subira. Paulo awataka walio juu wawe na adabu. Mfano ni ule ule, lakini umeelekezwa upande mwingine, na humo ndimo nguvu ya maandishi haya ilimo.

Ustadi wake wa pili ni mzaha. Hebu fikiri juu ya mwili ambao wote ni jicho, unabingirika njiani bila sikio wala mguu. Hapana mtoto asiyecheka. Na mwenye kiburi, akisha kucheka, hugundua kwamba amejicheka mwenyewe. Methali yetu husema kidole kimoja hakivunji chawa. Ni kweli, lakini methali hiyo yahesabu vidole tu. Haituambii jinsi kidole gumba kinavyopaswa kukiheshimu kidole cha mwisho.

Je, hoja hii haina kasoro? Mhakiki mwema hasifu tu. Paulo ataja karama tisa, kuanzia neno la hekima, na kuziweka lugha na tafsiri za lugha mwishoni. Baadaye kidogo ahesabu tena: wa kwanza mitume, wa pili manabii, wa tatu walimu. Mtu aweza kuuliza, kama viungo vyote vyahitajiana, mbona pana wa kwanza na wa pili? Mlango wa 14 wajibu kwa kiasi fulani: kipimo cha karama ni faida wanayoipata wengine, na kwa hiyo maneno machache yanayoeleweka yashinda maelfu yasiyoeleweka. Na katikati ya milango hiyo miwili umewekwa ule wa upendo, ambao watu hupenda kuusoma arusini kana kwamba uliandikwa kwa ajili ya bibi arusi. Uliandikwa kwa watu waliokuwa wakigombea cheo. Hata hivyo mvutano haukwishi wote, na kwa maoni yangu ni afadhali tuuone kuliko kuuficha.

Sasa niruhusu nikiri kosa langu. Nilipokuwa mwalimu mpya palikuwa na mvulana mwenye kigugumizi, fundi hodari wa kutengeneza madawati yaliyovunjika. Siku moja aliomba asome somo mbele ya shule. Nilimjibu kwa upole kwamba mwili una viungo vingi, na karama yake yeye ni mikono. Alisema, “Sawa, mwalimu,” akaenda zake, nami nikajiona nimemtumia Paulo vizuri. Miaka ilipita kabla sijausoma tena mlango ule kwa makini, nikaona kwamba Paulo asema Roho ndiye agawaye karama kama apendavyo. Mwalimu hakupewa kazi hiyo. Nami nilikuwa jicho, nikiuambia mkono ubaki mkono. Yule kijana alikwisha hitimu, na sikupata kumsikia akisoma.

Kosa langu si la darasani peke yake. Katika nchi yetu wako Wakristo wasalio kwa utulivu, wakifuata kitabu, na wako wasalio kwa ngoma, kwa machozi na kwa kunena kwa lugha. Kila upande huvutwa kuudhani mwenzake umepungukiwa, na kila upande hujua kuutaja mwili mmoja unapotaka mwenzake anyamaze.

Kwa hiyo, msomaji, nakuachia kipimo hiki. Kila usikiapo mtu akiutumia mfano wa mwili, jiulize maswali mawili: msemaji mwenyewe ni kiungo gani, na ni kiungo gani anachokitaka kivumilie? Ikiwa jicho lausihi mguu uridhike, hiyo ni hadithi ya Menenius, hata ikisomwa madhabahuni. Ikiwa jicho lajionya lenyewe, basi Paulo ameeleweka.