Usisifu Kalenda Kabla Hujaiuliza Saa

Juzi nilikaa katika ukumbi mmoja pale Uvira, watu wakiipigia makofi kalenda ya matukio ya tovuti moja. Ilimulikwa ukutani kwa projekta: miraba ya rangi, picha ya Ziwa Tanganyika kwa nyuma, na hakuna siku iliyokuwa tupu. Mzee mmoja wa shirika lenye tovuti hiyo akasimama kusema kwamba kazi ya namna hii hajaiona hata Bujumbura. Mimi nilikuwa na simu mkononi. Nikaifungua tovuti ileile, nikaenda tarehe 30 Juni, nikabonyeza kitufe cha kuweka tukio kwenye kalenda yangu. Simu ikaniandikia kwamba sikukuu ya Uhuru inaanza tarehe 30 saa saba za usiku na kwisha tarehe 1 Julai, dakika moja kabla ya saa saba za usiku. Siku nzima ilikuwa imesogea, na watu waliendelea kupiga makofi.

Nimetunza kalenda za parokia, za shule na za wakulima wa mpunga hapa Luberizi kwa miaka mingi, na hasira yangu si ya wivu. Kalenda mbaya humtembeza mtu bure. Mama anayeshuka kutoka milimani kuja bondeni na mtoto mgongoni hana pa kurudisha zile saa tatu za njia.

Niseme haraka yale ambayo hata mgeni anaweza kuyakagua. Jina la tukio lianze na jambo lenyewe: "Chanjo ya watoto", siyo jina refu la mradi lenye chanjo mwishoni. Mahali patajwe kama wenyeji wanavyopataja, kwa mti, kanisa au daraja, maana nyumba zetu hazina namba. Miraba ni ya kalenda ya karatasi. Kwenye simu iwe orodha, la karibuni juu. Matukio ya ukurasa wa kwanza yasizidi saba. Rangi nyekundu ibaki kwa jambo lililoahirishwa, lisipokuwepo isionekane kabisa. Na kalenda isiyo na jina la mtu wa kuulizwa siihesabu kuwa kalenda.

Sasa nije kwenye saa, maana hapo ndipo mafundi wengi wa mjini huanguka bila kujua kwamba wameanguka.

Nchi yetu ina kanda mbili za saa. Kinshasa iko saa moja mbele ya UTC, sisi wa Kivu tuko saa mbili mbele, sawa na Bujumbura na Kigali. Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, wako saa tatu. Programu ya tovuti ikikuuliza ukanda wa saa, haikutajii Uvira wala Bukavu. Kwa Kongo inakupa majina mawili tu: Africa/Kinshasa na Africa/Lubumbashi. Kijana anaona jina la mji mkuu, anachagua Kinshasa, kwa kuwa Lubumbashi iko mbali nasi karibu kilomita elfu moja na haoni inatuhusu nini. Kumbe saa yetu ndiyo ile ya Lubumbashi. Mwingine hachagui kitu, anaiacha programu kama ilivyomjia, nayo inasoma UTC yenyewe.

Ubaya wake ni kwamba kosa hili halionekani. Katibu anaandika kikao saa 9:00, na ukurasa unaonyesha 9:00. Wote wanaosoma ukurasa wanaridhika. Lakini yule aliyebonyeza kitufe na kulipeleka tukio kwenye simu yake, simu inajua iko Luberizi, nayo inahesabu: 9:00 ya Kinshasa ni 10:00 ya hapa. Kengele inamlilia kikao kikiwa kimeshafunguliwa kwa sala na ajenda ya kwanza imepita. Ukurasa ulioachwa kwenye UTC unamchelewesha saa mbili kamili. Ndiyo maana sisi tuliozeeka katika kazi hii hatusomi ukurasa. Tunabonyeza kwanza, tunaangalia simu imeandika nini, ndipo tunatoa maneno. Mahali pazuri pa kujaribia ni tukio la siku nzima. Likimwagikia siku ya pili, fundi huyo hakuuweka sawa ukanda wa saa, na usipoteze muda kutazama mengine.

Kuna na saa ya mdomoni. Sisi tunasema saa mbili asubuhi, karatasi za ofisi zinaandika 8h00. Mwaka mmoja shirika moja lilitangaza ugawaji wa mbegu "saa 8". Aliyeandika alikuwa akifikiri kwa Kifaransa. Waliosoma kwa Kiswahili walisoma saa nane, wakamaliza kwanza kazi ya shamba, wakafika jua limepita utosini, wakakuta magunia yamekung'utwa. Nilikuwepo. Mwanamke mmoja alikunjua karatasi aliyoandikiwa na mwanawe, akaweka kidole juu ya ile 8, akasema, "Bwana, si hii hapa? Si ni sasa?" Yule bwana wa shirika alimwambia alipaswa kuuliza.

Kabla ya hizi tovuti tulikuwa na mkatekista mmoja, marehemu sasa, aliyeandika ubao wa mlango wa kanisa kwa chaki. Kila saa aliiandika mara mbili: 8h00, na chini yake, saa mbili asubuhi. Kisha akaongeza alama ya tatu ambayo sijaona programu yoyote ikiiweka: "baada ya misa ya kwanza", au "kabla ya jua kuwa kali". Mtu asiye na saa alijua aondoke lini nyumbani. Na jambo likivunjika, mzee hakulifuta. Alilipiga mstari mmoja, akaandika pembeni sababu: mto umejaa, padri mgonjwa, barabara imefungwa. Aliyekuja siku tatu baadaye alisoma na kuelewa. Ubao ule ulikuwa na futi mbili tu na mtu hakupotea.

Siku hizi wanafuta. Mvua ikikata barabara ya kwenda Uvira, semina inaondolewa kwenye tovuti kana kwamba haikupangwa. Lakini aliyekwisha kuiweka kwenye simu yake bado anayo, kengele italia, na akirudi kwenye ukurasa kuhakikisha atakuta patupu, hajui kama ni semina iliyokufa au ni mtandao. Fundi wa kweli huliacha tukio mahali pake, juu yake akaandika LIMEAHIRISHWA, na sababu.

Wadanganyifu nao wapo, tena wanalipwa vizuri. Namkumbuka mmoja aliyepatana kulipwa kwa idadi ya matukio. Akajaza siku za dunia: maji tarehe 22 Machi, mazingira 5 Juni, chakula 16 Oktoba. Akaweka salongo, ile kazi ya pamoja ya jamii, ya kila Jumamosi kwa marudio yasiyo na mwisho, mpaka miaka ambayo wajukuu zetu watakuwa wazee. Kwa hesabu kalenda ilinona. Niliitafuta humo siku ya kupima watoto wachanga pale pale kijijini, sikuiona. Marudio yapewe tarehe ya kukoma, na isipite mwaka wa shule.

Na ndugu walio Ulaya wasisahauliwe. Kundi moja la sala liliweka maombi ya pamoja kila Jumapili saa mbili za usiku, kwa saa ya Brussels. Majira ya kiangazi saa ya huko na ya hapa ni moja, kila mtu akafurahi. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wao wakarudisha saa nyuma, sisi haturudishi chochote, na huku maombi yakaingia saa tatu, watoto wamelala na betri za simu zimekwisha. Tukio la kurudiarudia lifungwe kwenye saa ya Luberizi. Aliye na umeme usiku kucha ndiye asogee.

Siku ile ya makofi, watu walipotoka kwenda kunywa soda, nilimfuata kijana aliyeitengeneza kalenda nikamwonyesha simu yangu. Hakubisha. Alifungua mipangilio, akaondoa Kinshasa, akaweka Lubumbashi, akanitazama kama mtu aliyemaliza. Nikamwambia afungue tukio la zamani: lilibaki na Kinshasa yake, maana kila moja lilihifadhiwa na ukanda wa siku lilipoandikwa. Tukavuta viti. Yeye alisoma, mimi nilihakikisha kwa simu, moja baada ya moja, mpaka kompyuta ikazima tukiwa katikati ya Mei, na yaliyobaki tukayaandika kwenye daftari lake ayamalize asubuhi.