Nani Alilishika Kabla Yangu?

Kuna fundi mmoja wa magari, mzee wa Tanga, ambaye gereji yake imejibanza uchochoroni si mbali na Tyburn Road, hapa Erdington, Birmingham. Ukimpelekea gari lenye ugonjwa wa umeme, hakimbilii boneti. Anauliza kwanza: "Mwanangu, nani alilishika kabla yangu?"

Siku moja nilimkuta na Land Rover 110 ya miaka ya 1980, iliyoongezewa redio kubwa, alamu, taa za ukungu na soketi ya tela. Ukikanyaga breki, indiketa ya kushoto inafifia na taa za dashibodi zinawaka zenyewe. Kwingine lilikuwa limebadilishwa swichi na rilei, na ugonjwa ukabaki palepale.

Mzee alichomoa balbu ya breki, akapima tunduni kwa multimita: volti 12. Wengi wangeridhika hapo. Yeye akaitoa taa yake ya kupimia, balbu ya wati 21 aliyoilehemea nyaya mbili kwa mkono wake, akaigusisha palepale. Ikawaka wekundu hafifu, kama kaa linalozimika. Multimita haidai umeme wowote wa maana, kwa hiyo hata waya uliobakiwa na uzi mmoja utaionyesha volti 12 kamili. Balbu inadai kazi, na mbele ya kazi waya mbovu hauwezi kujificha. Nimewaona mafundi wengi wenye vifaa vya bei kubwa, lakini sijaona kipimo kinachosema kweli kuliko kile kitaa.

Kosa lilikuwa kwenye bolti ya hasi, nyuma. Bodi ya alumini, bolti ya chuma, na chumvi inayomwagwa barabarani kila majira ya baridi: vitatu hivyo vilikuwa vimekula mahali pa kugusana. Umeme wa breki ulipokosa njia ya kurudi ulipenya kwenye nyuzi za taa ndogo za nyuma, ukapanda hadi dashibodi. Mzee alisugua mpaka chuma kikang'aa, akafunga, akapaka grisi. Hakuuza kipuri hata kimoja.

Akaniita nitazame chini ya zulia. Magari ya Kiingereza ya enzi zile yalikuwa na mpango wa rangi uliojulikana kila gereji, Solihull hata Tanga: kahawia moto wa betri, nyeupe swichi ya kuwashia, kijani vinavyopita kwenye fyuzi baada ya swichi, buluu taa kubwa, nyekundu taa ndogo, nyeusi hasi. Kijani chenye mstari wa zambarau ni breki. Mzee alijifunza rangi hizo akiwa kijana, na bado anazisoma gizani kwa kurunzi. Lakini wote walioongeza vitu kwenye gari hili, redio, alamu, tela, walitumia nyekundu tupu, wakaunga kwa kusokota na kuzungushia utepe. Waingereza walimtania Joseph Lucas, ambaye kampuni yake ilitengeneza umeme wa magari hayo hapahapa Birmingham, wakamwita Mkuu wa Giza. Mzee hakubali. Giza analoliona yeye, anasema, huletwa na mikono iliyokuja baadaye.

Siku hizi karibu kila gari lina tundu la kuchomeka kompyuta. Magari mapya ya petroli Ulaya yanalazimika kuwa nalo tangu 2001. Kompyuta hutaja sakiti, fundi kijana hununua kipuri kilichotajwa, na mwenye gari hulipa. Waya uliopitishwa chini ya zulia na mtu asiyejulikana, kompyuta haina habari nao. Lucas haiko tena Great King Street, Fort Dunlop, palipotengenezwa matairi, pamekuwa ofisi na hoteli, na mzee hana mwanafunzi.

Wewe unayetaka kuongeza taa au redio wikendi hii, lehemu maungio, weka fyuzi karibu na betri, na andika kwenye karatasi ulipopitisha waya na rangi yake. Iache karatasi ndani ya gari unapoliuza.