Mpiga tarumbeta wa kanzidata

Jennifer Widom alianza na muziki. Shahada yake ya kwanza, ya Chuo Kikuu cha Indiana, ni ya kupiga tarumbeta. Kompyuta ilikuja baadaye: udaktari pale Cornell mwaka 1987, kisha miaka kadhaa katika maabara ya utafiti ya IBM, na tangu 1993 yuko Stanford.

Ninachokipenda zaidi ni kazi yake juu ya data zinazotiririka. Kwa kawaida kanzidata ni kama tangi: maji yametulia, wewe unakuja na ndoo yako ya maswali. Widom na wanafunzi wake walitengeneza mfumo wa STREAM, wakageuza mambo: swali ndilo linalokaa, data ndizo zinazopita, na jibu linabadilika kila tone jipya likifika. Baadaye, kwa mradi wa Trio, alishughulikia data zenye mashaka, akitaka mfumo ukumbuke pia kila jibu limetoka wapi. Wangapi kati yetu hujiuliza hilo?

Vitabu vya kiada ameandika pamoja na wenzake, navyo vinatumika sana. Lakini mwaka 2011 alifungua mlango wa darasa lenyewe: kozi yake ya kanzidata ikatolewa bure mtandaoni, wakajiandikisha makumi ya maelfu. Halafu, badala ya kutumia likizo yake ya utafiti ya 2016 kujifungia aandike, alifunga mizigo akazunguka nchi mbalimbali, akifundisha ana kwa ana bila malipo.